Mama Supu na Goti la Mtu wa Kerugoya

Katika miaka yote niliyomjua Mama Supu wa Mukurweini, sikuwahi kuona kitu chake chochote kikiwa chini ya kiuno. Jiko lake lilikaa juu ya mawe manne ya kuchongwa. Makaa yalikuwa kwenye pipa, na pipa lilikuwa juu ya meza. Vikombe, upawa, chumvi, dania na ndoo ya maji vilipangwa kwenye rafu moja ndefu iliyozunguka kibanda kama mshipi. Siku moja alipotoka nje kubishana na mtu wa kuni, niliipima rafu hiyo kwa futi yangu ya kazi. Ilikuwa sentimita tisini na mbili kutoka sakafuni, pande zote tatu.

Afisa wa afya alipokuja kukagua vibanda vya soko alimsifu mbele ya watu. Alisema hivyo ndivyo chakula kinavyopaswa kuwekwa, mbali na vumbi na panya, akawaagiza wengine waige. Kwa wiki mbili soko zima lilikuwa likipandisha sufuria juu ya mawe. Mama Supu alizipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa. Kiuno hakikuinama.

Mimi ni fundi wa friji. Naishi Skuta, Nyeri mjini, lakini kazi hunipeleka popote penye kitu cha kupozwa: maziwa, nyama, dawa. Nilimjua kwa sababu ya friji yake, ambayo nayo ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, hata nikalazimika kusimama juu ya kreti la soda ndipo nifikie mlango wa juu. Malalamiko yake hayakuwa ya kawaida. Wateja wengine hulalamika kwamba friji haigandishi. Yeye alisema inagandisha sana.

"Supu ikigandishwa na friji, hiyo si kitu," aliniambia. "Hata maji inaweza. Mimi nataka igande yenyewe, na baridi kidogo tu, ndio mtu aone iko na nguvu."

Supu yake ilikuwa ya miguu ya ng'ombe: kwato na magoti, yaliyochemka tangu alfajiri mpaka mfupa ukaachana na kila kilichoushika. Watu waliamini inaponya magoti, na yeye hakuwakataza kuamini. Mgeni akitilia shaka, alichukua bakuli la supu ya jana, iliyoganda, akaligeuza juu chini juu ya kofia ya huyo mgeni. Haikuanguka. Iliningʼinia pale, ikitetemeka kidogo, na mgeni naye akitetemeka chini yake.

"Hiyo ndio inaenda kwa goti," alisema. "Sasa niambie: kikombe kidogo ama kikubwa?"

Walikuja wengi. Wakulima wa kahawa waliochoshwa na miteremko, wapeleka maziwa, watu wa boda boda ambao upepo wa asubuhi huwapiga magotini kwanza. Wote walikunywa wakiwa wamesimama, kwa kuwa kibanda hakikuwa na kiti hata kimoja. Sababu yake ilijulikana na kila mtu: "Ukikaa, supu inaishia kwa tumbo. Simama ishuke." Nimewaona wazee wa heshima wakimaliza kikombe kisha wakipiga mguu chini mara mbili, ili kuisaidia kushuka.

Kwa supu alikuwa mkarimu, kwa dania mchoyo. Majani aliyahesabu. Watoto waliosogelea kibanda siku za soko aliwafukuza kwa upawa, akiwaita panya wa miguu miwili. Lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Mimi husali katika kanisa la Mukurweini, nyumbani kwa mama yangu, kwa hiyo nililiona hili kwa macho yangu. Kila mara kiongozi wa ibada alipokaribia kusema "tupige magoti", Mama Supu alikuwa ameshageukia mama aliye karibu. "Leta huyo mtoto nikushikie, uombe vizuri." Mtu aliyeshika mtoto mchanga hapigi magoti. Kanisa zima lilishuka, yeye akabaki wima, kitoto cha mtu begani. Akina mama walisema hakuna anayependa watoto kama yeye.

Kazi yangu ni kutafuta hitilafu kwa kuondoa sababu moja moja mpaka ibaki moja. Rafu peke yake si ushahidi, na kukosa viti ni mtindo tu. Mtoto wa kuazima anaweza kuwa upendo. Lakini nilipoyaweka yote matatu pamoja, nikaongeza kopo lake la majani ya chai ambalo ndani yake, nilipotaka kujitengenezea chai, nilikuta vidonge vya maumivu, ikabaki sababu moja. Muuza supu ya magoti alikuwa na goti bovu.

Sikumwambia. Yeye mwenyewe aliligusa jambo hilo kwa njia moja tu: alimtaja mama mmoja wa Kerugoya.

"Fundi, wewe unasoma soma," alizoea kusema akifuta meza. "Kuna mama mmoja huko Kerugoya goti inamsumbua. Ati akishuka mteremko inalia kama mlango. Inaweza kuwa nini?"

Nilimjibu nilivyoelewa. Mwishoni mwa mfupa kuna gegedu, kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halirudi lenyewe kama ngozi inavyorudi.

"Maskini," alisema. "Nitamwambia."

Mimi ndiye niliyemkutanisha na daktari wa maabara. Chuo kimoja mjini Nyeri kilikuwa na mashine ya kukausha vitu vilivyogandishwa, na pampu yake ilianza kupiga kelele. Nilipoitengeneza nilimuuliza daktari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, anakausha nini. Akanionyesha kidude cheupe cha mviringo, kama kifuniko cha chupa, chepesi kama bisi. Alikiita kiunzi. Nilitumia wiki kadhaa kusoma mpaka nikaelewa alichoniambia kwa dakika tano. Baadaye aliniuliza kama najua pa kupata magoti mabichi ya ng'ombe, maana kichinjioni aliambiwa kwamba yote yana mwenyewe.

Tulimkuta mwenyewe akikoroga sufuria.

"Mama, nimeambiwa magoti yote ya kichinjio ni yako," daktari alisema.

"Yote. Na kwato."

"Naomba mawili kwa wiki, kabla hayajapikwa."

"Unafungua hoteli?"

"Hapana, ni ya utafiti. Tunakuza gegedu."

"Mnakuza nini?"

"Ile nyeupe ya kuteleza, mwisho wa mfupa," nilisaidia.

"Ile ya kutafuna?" Upawa ulisimama. "Inakuzwa? Ati kama sukumawiki?"

"Karibu hivyo," daktari alisema. "Tunatoa seli shina kwa uboho. Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Tunaziwekea kiunzi, tunazielekeza, zinakuwa gegedu."

"Uboho?" Mama Supu aliweka mkono kifuani. "Uboho ndio utamu ya supu, daktari. Unataka kuchukua roho uniachie sanduku?"

Walibishana mpaka wateja wawili wakajijazia vikombe wenyewe. Mwishowe alikubali kutoa magoti mawili kila Jumanne, kwa sharti moja. "Nione yanaenda wapi. Sipeani magoti kwa mtu sijui kwake."

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili. Ngazi zilikuwa na vidato thelathini na sita, na kila mahali zilipopinda palikuwa na ubao wa matangazo. Mama Supu aliyasoma matangazo yote. Alisoma ratiba ya mitihani. Alisoma kuhusu mwavuli uliopotea, kisha akalirudia tangazo hilo kuanzia juu. Daktari alimngoja. Mimi nilitazama mguu wake wa kushoto.

Juu, daktari alimweleza kwa uvumilivu. Wanachanganya gelatini na maji, wanagandisha. Maji yakiganda yanakuwa chembe ndogo ndogo za barafu. Kisha mashine inavuta hewa, barafu inaondoka bila kuyeyuka, na kila mahali ilipokaa pamebaki tundu. Kinachotoka ni sponji. Seli zinaingia matunduni, zinashika kuta, zinaanza kujenga. Zinavyojenga, sponji yenyewe inaliwa polepole, mpaka libaki gegedu peke yake.

"Na hiyo gelatini mnatoa wapi?"

Daktari akamwonyesha chupa ya unga. Ilikuwa imetoka ng'ambo. Inatengenezwa, alisema, kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe kwa muda mrefu.

Mama Supu aliishika chupa kwa mikono miwili, akaisoma kama alivyosoma tangazo la mwavuli.

"Mnaagiza supu ng'ambo," alisema taratibu, "na mimi niko hapa Mukurweini."

"Mama, hii imesafishwa..."

"Hii ni supu yangu, daktari. Imeenda tu shule." Kisha akakigeukia kile kidude cheupe, na sauti yake ikabadilika. "Lakini hebu nikuulize. Fundi wa nyumba anaweka miti, anapanda, anajenga ukuta. Miti yenu inajitoa yenyewe. Sasa ikijitoa na simiti haijashika?"

Daktari alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Hilo ndilo swali letu, mama. Ikiisha mapema, kazi inaporomoka. Ikichelewa, inazuia. Tuko hapo hapo."

"Kwa hivyo hata nyinyi hamjui."

"Bado."

Naamini jibu hilo lilimpendeza kuliko mashine zote. Akasogea karibu. "Kuna mama mmoja wa Kerugoya," alianza, na mkono wake ukashuka wenyewe mpaka kwenye goti la kushoto. "Hii sponji, anaweza kuwekewa lini?"

Daktari aliutazama mkono. Hakusema neno juu yake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Si karibuni. Hapa bado tuko kwa vyombo vya kioo. Na hata ikifaulu, itaanza na shimo dogo kwa goti ambalo lingine lote ni zima. Huyo mama aende hospitali apigwe picha. Kama gegedu limekwisha, goti libadilishwe. Asisubiri sponji yangu."

"Atasubiri."

"Mama, mimi ndio natengeneza, na nakwambia asisubiri."

"Huyo mama ni mtu wa kusubiri."

Njiani kurudi, katika pikapu yangu, mashamba ya kahawa yalipoanza, aliniuliza:

"Fundi, mtu akibadilishwa goti anatembea na nini?"

"Magongo, wiki kadhaa. Baadaye fimbo."

"Mbele ya watu?"

"Hakuna pengine pa kutembea."

Alitazama nje. Nilisema, kwa uangalifu nilioudhani mkubwa, kwamba kama huyo mama wa Kerugoya ni muuza supu, basi naelewa anachoogopa.

"Umeanza kuongea kama mtu hajakunywa chai," alinijibu.

Lakini nilikuwa nimeelewa. Kibanda kile ndicho kilichomlisha na kumvisha, na ndicho kilichofanya soko zima limwite kwa jina la kazi yake. Nani angenunua dawa ya magoti kutoka kwa mtu wa magongo? Kwa hiyo alisubiri. Miezi iliyofuata niliona sufuria ikisogezwa karibu na rafu ya vikombe, ili hatua tatu ziwe moja. Niliona akiegemea friji niliyomtengenezea. Kila Jumanne alimuuliza daktari, kabla ya kumkabidhi magoti, "Ile miti yenu bado inajitoa mapema?" Na kila Jumanne jibu lilikuwa ndiyo.

Ikafika Jumapili ya ubatizo. Naieleza kwa mpangilio, kwa sababu wapo walioieleza vibaya. Watoto wachanga wote wa Mukurweini walikuwa mbele na wazazi wao. Kiongozi aliposema tupige magoti, Mama Supu aligeuka kulia, akageuka kushoto, na hakukuwa na mtoto hata mmoja wa kuazima. Alitangulia kwa goti la kulia. La kushoto likafuata, na hata mimi, mabenchi mawili nyuma, nililisikia.

Maombi yakaisha na watu wakainuka, yeye akabaki chini. Wimbo ukaimbwa, matangazo yakaanza, bado yuko pale, macho yamefumbwa, machozi yakimshuka. Kiongozi akapunguza sauti. Mama aliyekuwa karibu naye akaguswa, akapiga magoti tena. Wa pili akafuata. Kufikia tangazo la harambee ya paa walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa ameanza kutubu hadharani kuhusu ua aliousogeza kwenye shamba la jirani.

Nilimwendea, nikainama.

"Mama, ni goti?"

"Nyamaza," alinong'ona bila kufumbua macho. "Waambie ni Roho."

"Naweza kukuinua."

"Ukiniinua saa hii nitapiga nduru, na hiyo hawatasema ni Roho."

Nikasimama, nikamwambia kiongozi kwamba mama anahitaji muda. Ulikuwa ukweli. Akawaongoza watu watoke kimya kwa mlango wa kando, na yule wa ua akatoka akilia kwa furaha. Tulipobaki peke yetu nilimwinua jinsi ninavyoinua friji: kutoka nyuma, mgongo wima, nguvu zikitoka miguuni.

"Pole pole," alisema. "Mimi si friji." Alishika benchi, akavuta pumzi mpaka rangi ikamrudia usoni. "Pigia yule daktari. Mwambie yule mama wa Kerugoya amekubali."

Daktari alimpeleka kwa mpasuaji wa mifupa. Picha ilionyesha mfupa umekalia mfupa. Gegedu lilikuwa limekwisha zamani. Kabla ya upasuaji maabara iliomba ruhusa ya kuchukua vipande vitakavyotolewa na uboho kidogo, na mimi nilimsomea ile karatasi mara mbili.

"Jina yangu iko?"

"Hapana. Watatumia nambari."

"Nambari ni sawa. Nambari haiuzi supu." Akatia sahihi.

Wifi yake alishika kibanda. Supu ya wifi haikuganda, na hakuna mgeni aliyetiwa hatarini. Aliyeuliza alijibiwa kwamba Mama Supu amekwenda Kerugoya kumuuguza mama mmoja aliyebadilishwa goti. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikuwa kweli, wifi aliyatoa bila kusitasita. Kule maabara, seli zilizotoka kwenye uboho wake ziliwekwa kwenye sponji. Daktari aliniambia zimeanza kutengeneza kitu cheupe, ingawa sponji bado inazitangulia kuisha.

Nilimwona tena kibandani siku ya soko, baada ya miezi mitatu hivi. Alivaa sketi ndefu na kuegemea fimbo moja, ambayo aliisimamisha nyuma ya sufuria kila mteja alipofika. Watu walikuwa wengi, wamemkosa. Lakini alipohitaji chumvi ilibidi aichukue fimbo, na mzee mmoja wa kahawa, mteja wa miaka mingi, akaiona.

"Mama Supu," alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Hata wewe na fimbo?"

Vichwa vyote vikageuka. Nilimwona akifungua kinywa, na nilijua kilichokuwa ulimini: ameteleza, kule Kerugoya, kwenye tope. Ulikuwa uongo mzuri, na yeyote angeupokea. Kisha akaufunga mdomo, akaweka upawa kwenye rafu.

"Guka, hakuna mama wa Kerugoya," alisema. "Ni mimi. Goti yangu ya kushoto ni ya chuma. Ile ya kuzaliwa iliisha, na iliisha nikiuza supu hapa kila siku. Supu haikunisaidia. Sasa mnajua, na mwenye anataka kwenda aende."

Mikono yake ilishika ukingo wa rafu. Hakuna aliyekwenda. Mzee akakohoa.

"Ulikuwa unakunywa vikombe ngapi kwa siku?"

"Mimi? Sikuwa nakunywa. Nilikuwa naonja chumvi tu. Mtu amenusa kwato tangu alfajiri, atakunywa saa ngapi?"

Mzee akawageukia wenzake, mikono wazi, kama wakili aliyemaliza kesi. "Mmesikia? Hakuwa anakunywa."

"Ati hakunywa!" akasema mtu wa boda boda.

"Anauza dawa na yeye hatumii."

"Ndio maana iliisha!"

"Nyinyi!" Mama Supu alipiga rafu kwa kiganja. "Nimesema haikunisaidia!"

"Itasaidia aje mtu hajainywa?" mzee aliuliza kwa upole. "Pole sana, mama. Ungetuuliza sisi."

Mama Supu akanigeukia, na sijawahi kumwona mtu mwenye mashaka kama yake. "Fundi, waambie. Wewe umesoma haya maneno."

Niliwaambia. Nilieleza kwamba supu ikifika tumboni inavunjwavunjwa kama chakula kingine chochote, na vipande hivyo huenda popote mwili unapovihitaji, kwa maana havina anwani ya goti. Nilieleza kuhusu gegedu na kukosa damu. Nilieleza pia kuhusu sponji, matundu na seli shina, na kwamba kazi hiyo haijakamilika, na kwamba mwenye maumivu aende apigwe picha asisubiri. Sikuruka hatua. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, vikombe vimetulia mikononi, na wawili wakaniuliza hospitali hiyo iko wapi, nikawaelekeza.

Kisha mzee wa kahawa akainua mkono.

"Tumeelewa, fundi. Asante. Swali moja tu: kwa hivyo tunywe kabla ya chakula, ama baada?"

Nilimtazama Mama Supu. Akauchukua upawa wake.

"Baada," alisema.